Lango katika ngao ya Dunia: historia ya nadharia iliyosubiri miaka 54

Mwezi Januari mwaka 1961 mwanafizikia wa Uingereza, James Dungey, alichapisha makala fupi ya kurasa mbili. Alidai humo kwamba ngao ya sumaku inayoizunguka Dunia si ukuta uliozibwa, bali ina lango ambalo upepo wa Jua huweza kulifungua. Wengi hawakumwamini. Ushahidi wa kwanza ulio wazi ulichapishwa mwaka 1979, na mahali penyewe lango linapofunguka palipimwa kwa ukamilifu mwezi Oktoba mwaka 2015, miezi mitano baada ya Dungey kufariki dunia.

Giza la Quebec

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 13 Machi mwaka 1989, jimbo la Quebec nchini Canada liliingia gizani. Katika muda wa sekunde 90 hivi gridi ya umeme ya jimbo hilo ilianguka, na watu wapatao milioni 6 walibaki bila umeme kwa takriban saa 9, katika majira ambayo huko bado ni ya baridi kali. Hapakuwa na radi, wala mti ulioangukia nyaya, wala mkono wa mhujumu. Chanzo cha yote kilikuwa Jua, lililoko umbali wa kilomita milioni 150.

Tukio hilo liliwakumbusha watu jambo ambalo wanasayansi walikwisha kulijua: kwamba Dunia inaishi ndani ya upepo. Huu si upepo wa hewa kama ule unaojaza tanga la jahazi. Ni mkondo wa chembechembe zenye umeme, hasa protoni na elektroni, unaotoka kwenye Jua wakati wote na kuenea pande zote kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, na mara nyingine kwa kasi maradufu ya hiyo. Kwa mwendo wa kawaida huchukua siku 4 hivi kuifikia Dunia.

Kinga ya Dunia dhidi ya mkondo huo ni sumaku yake yenyewe. Nguvu ile ile inayoielekeza sindano ya dira upande wa kaskazini hutanda angani hadi mbali, na katika upande unaolikabili Jua huusimamisha upepo huo umbali wa zaidi ya kilomita 60,000 kutoka katikati ya Dunia, yaani karibu mara 10 ya nusu kipenyo chake. Wataalamu huliita eneo lote ambamo nguvu hizo zinatawala uga wa sumaku wa Dunia.

Basi swali ni hili: ikiwa ngao ipo, tena ni imara, nguvu za Jua zilipita wapi hadi zikazima taa za Quebec?

Shaka ya Lord Kelvin

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko gridi za umeme. Mwaka 1852 Edward Sabine, afisa wa jeshi na mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba misukosuko ya sindano za dira huongezeka na kupungua pamoja na idadi ya madoa ya Jua. Miaka saba baadaye, tarehe 1 Septemba mwaka 1859, mwanafalaki Richard Carrington alikuwa akichora madoa hayo alipoona mwanga mkali ukichomoza ghafla katikati yake na kutoweka baada ya dakika chache.

Saa 17 na nusu hivi baada ya mwanga huo, dhoruba kubwa ya sumaku iliikumba Dunia. Mianga ya angani, ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za Dunia tu, ilionekana hadi visiwa vya Karibiani. Mitambo ya telegrafu ya Ulaya na Amerika ilivurugika, na katika baadhi ya njia mafundi waliweza kupeleka ujumbe wakiwa wamekwisha kuziondoa betri, kwa umeme uliotokana na dhoruba yenyewe.

Hata hivyo, kuona mambo mawili yakifuatana si sawa na kueleza jinsi moja linavyolizaa jingine. Mwaka 1892 Lord Kelvin, aliyekuwa rais wa jumuiya kongwe ya wanasayansi jijini London, Royal Society, alipiga hesabu. Alisema kwamba kama Jua lingetikisa dira za Dunia kwa sumaku yake moja kwa moja kutoka huko liliko, basi katika saa 8 za dhoruba moja isiyo kali sana lingetumia nguvu sawa na zile linazozitoa kama joto na mwanga kwa muda wa miezi minne. Kwa hiyo akakataa kabisa kwamba dhoruba hizo zinatokana na Jua, na kuuona uhusiano wake na madoa kuwa ni sadfa tu.

Hesabu ya Kelvin ilikuwa sahihi, bali dhana aliyoanzia ndiyo iliyokuwa na kasoro. Hakufikiria kwamba Jua lingeweza kutuma kitu kikasafiri, kikafika mpakani mwa Dunia, na hapo kikatumia nguvu kilizokuja nazo.

Picha ya ngome iliyofungwa

Ushahidi wa kitu hicho ulijengeka polepole. Mwaka 1904 Edward Walter Maunder wa kituo cha Greenwich alionyesha kwamba dhoruba nyingi hurejea kila baada ya siku 27 hivi, muda ule ule ambao Jua, likitazamwa kutoka duniani, hukamilisha mzunguko wake. Katika miaka hiyo hiyo Kristian Birkeland wa Norway alikuwa akirusha elektroni kwenye tufe dogo la sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akaona mwanga ukijitokeza karibu na ncha za tufe hilo, mfano wa mianga ya angani.

Mwaka 1931 Sydney Chapman na Vincenzo Ferraro walichora picha iliyotawala fikra kwa miaka mingi. Walisema kwamba wimbi la gesi yenye umeme likitoka kwenye Jua na kuifikia Dunia, sumaku ya Dunia hulisukuma kando na kuacha uwazi mithili ya pango. Gesi huzunguka nje, Dunia hukaa ndani.

Kisha mwaka 1958 Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago akasema kwamba si suala la mawimbi ya mara kwa mara. Gesi hiyo hutoka kwenye Jua bila kukoma. Wahakiki waliotakiwa kuisoma makala yake waliikataa, lakini mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, aliamua kuichapisha ingawa mwenyewe hakukubaliana nayo. Vyombo vya anga vya Umoja wa Kisovieti viligundua dalili za mkondo huo mwaka 1959, na mwaka 1962 chombo cha Marekani Mariner 2, kikiwa safarini kwenda sayari ya Zuhura, kilithibitisha kwamba upepo wa Jua huvuma wakati wote.

Upepo ulikuwa umethibitika, lakini ngome ilionekana bado imefungwa. Sababu yake ilikuwa kanuni iliyotolewa mwaka 1942 na mwanafizikia wa Sweden, Hannes Alfvén. Gesi ikishakuwa na umeme, yaani ikiwa ni ile inayoitwa plazima, huambatana na mistari ya nguvu za sumaku iliyomo ndani yake. Gesi ikienda, mistari huenda nayo. Upepo wa Jua huja na mistari yake kutoka kwenye Jua, na Dunia ina yake. Kwa kanuni hiyo plazima hizo mbili hukutana na kusukumana, lakini hazichanganyiki, kama mafuta na maji.

Mwanafunzi na fumbo lake

James Wynne Dungey alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Stamford, nchini Uingereza. Baada ya vita vikuu vya pili vya dunia alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kwa masomo ya udaktari, na msimamizi wake akawa Fred Hoyle, mwanafalaki aliyekuja kuwa mashuhuri. Hoyle alimpa fumbo: je, mianga ya ncha za Dunia inaweza kuwa inatokana na mahali ambapo sumaku ya Dunia na sumaku inayotoka kwenye Jua hukutana na kubatilishana?

Hoyle hakulitoa wazo hilo hewani. Ronald Giovanelli, mwanafizikia wa Australia, alikuwa amegundua katika miaka ya 1940 kwamba milipuko ya Jua hutokea palipo na makundi ya madoa yenye sumaku zilizopangika kwa utata, na akafikiri kwamba siri ya milipuko hiyo imo katika sehemu ambazo nguvu za sumaku zinazoelekea pande tofauti hufutana hadi kufikia sifuri. Dungey alipomaliza masomo yake alikwenda Sydney, na mwaka 1953 akachapisha maelezo ya jinsi mkondo mkali wa umeme unavyoweza kuzuka mahali kama hapo.

Miaka ikapita. Kwa masimulizi yake mwenyewe, jibu la fumbo la Hoyle lilimjia akiwa ameketi katika mkahawa mmoja mtaani Montparnasse, jijini Paris. Alikuwa akizingatia ramani za mikondo ya umeme inayopita katika anga ya juu ya ncha za Dunia. Mikondo hiyo ilionyesha kwamba plazima iliyoko huko juu haitulii: huvuka ncha kutoka upande wa mchana kwenda upande wa usiku, kisha hurejea mchana kwa kuzunguka pembeni. Ni kama maji ndani ya sufuria iliyoinjikwa, yanayopanda katikati na kushuka kandokando. Kilichobaki kujulikana ni moto unaoyachemsha.

Jinsi lango linavyofunguka

Maelezo ya Dungey yanaweza kueleweka bila hesabu. Katika upande wa mchana, juu ya ikweta, mistari ya sumaku ya Dunia huelekea kaskazini, kama dira inavyoonyesha. Upepo wa Jua nao huja na sumaku yake, lakini mwelekeo wake haudumu. Mara huelekea kaskazini, mara kusini, mara kando, na huweza kugeuka katika muda wa dakika chache.

Sumaku ya upepo ikielekea kaskazini, mistari ya pande zote mbili hulala sambamba ikielekea upande mmoja, na lango la mchana hubaki limefungwa. Lakini ikielekea kusini, pale mpakani hukutana mistari iliyopingana. Katika eneo jembamba sana sumaku hizo hufutana, ile kanuni ya kuambatana huvunjika, na mistari hukatika na kuungana upya kwa namna nyingine. Mstari uliokuwa wa Jua pande zote mbili, na mstari uliokuwa wa Dunia pande zote mbili, sasa huwa mistari miwili ambayo kila mmoja una mguu mmoja duniani na mwingine katika upepo wa Jua.

Hapo ngao imefunguka. Upepo huendelea na safari yake ukiiburura mistari hiyo juu ya ncha za Dunia kwenda upande wa usiku, ambako hujikusanya na kutengeneza mkia mrefu. Mwaka 1965 Dungey alikadiria kwamba mkia huo una urefu wa mara 1,000 hivi ya nusu kipenyo cha Dunia, yaani zaidi ya kilomita milioni 6. Ndani ya mkia mistari iliyovutwa hukutana tena, hukatika na kuungana upya kwa mara ya pili, kisha hurudi upande wa Dunia kwa nguvu kama mpira wa manati ulioachiwa. Plazima inayorushwa nayo ndiyo inayoichochea mianga ya ncha za Dunia, pamoja na mikondo ya umeme inayotikisa dira na kuzigusa nyaya za ardhini.

Manahodha wa majahazi ya Bahari ya Hindi, waliosubiri kaskazi na kusi kabla ya kung'oa nanga, walijua kwamba nguvu za upepo pekee hazitoshi kuamua safari, kwani mwelekeo wake ndio wenye neno la mwisho. Dungey alisema jambo kama hilo kuhusu Dunia nzima. Upepo mkali wa Jua wenye sumaku inayoelekea kaskazini unaweza kupita bila madhara makubwa, na upepo wa wastani wenye sumaku inayoelekea kusini ukazusha dhoruba.

Wapinzani na hoja zao

Nadharia hiyo haikupokewa kwa shangwe. Mwaka ule ule wa 1961 Ian Axford na Colin Hines walitoa maelezo mengine, kwamba upepo wa Jua huiburura plazima ya Dunia kwa msuguano mpakani, bila ya ngao kufunguka. Maelezo yao yalieleza mzunguko ule ule wa plazima juu ya ncha, na kwa wengi yalikuwa rahisi zaidi kuyakubali.

Tatizo jingine lilikuwa la kasi. Peter Sweet na Eugene Parker walikuwa wamepiga hesabu katika miaka ya 1950 za jinsi mistari inavyoweza kuungana upya, wakapata mwendo wa polepole mno, usioweza kueleza milipuko ya Jua inayotokea kwa dakika chache. Mwaka 1964 Harry Petschek wa Marekani alionyesha njia ambayo ingeweza kuuharakisha mwendo huo, lakini mjadala kuhusu kinachouharakisha haukwisha.

Mpinzani mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Alfvén mwenyewe, baba wa kanuni ya kuambatana, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970. Yeye alisisitiza kwamba mistari ya sumaku ni michoro ya wataalamu, si nyuzi zinazoweza kukatwa na kufungwa, na kwamba kilichopaswa kuchunguzwa ni mikondo ya umeme. Onyo lake lilikuwa na maana, kwani ni kweli kwamba hakuna nyuzi angani. Lakini aliendelea kuupinga muungano huo hata ushahidi ulipoanza kukusanyika.

Mwaka 1975 Walter Heikkila naye alihoji: kama lango lipo, mbona vyombo vilivyokwisha kuuvuka mpaka mara nyingi havikukuta dalili za nguvu zinazoachiwa hapo? Swali hilo lilikuwa la haki. Nadharia isiyoonekana inapotarajiwa kuonekana haiwezi kudai kuaminiwa.

Vyombo vinakwenda mpakani

Dalili ya kwanza ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1966 Donald Fairfield na Laurence Cahill walilinganisha vipimo vya setilaiti ya Explorer 12 na taarifa za vituo vya ardhini, wakaona kwamba misukosuko ya sumaku katika maeneo ya ncha za Dunia huandamana na sumaku inayoelekea kusini nje ya mpaka. Mwelekeo ulikuwa na neno, kama alivyosema Dungey. Lakini huo ulikuwa ushahidi wa mazingira tu.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina nafasi yake katika historia hii. Tarehe 15 Novemba mwaka 1971, roketi aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa lililosimikwa na Waitalia baharini karibu na Malindi nchini Kenya, ikiibeba setilaiti ndogo ya Marekani, Explorer 45. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, na setilaiti hiyo ilikusudiwa kuzunguka juu ya ikweta. Haikutumwa kwenye mpaka wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ndani ya ngao jinsi dhoruba za sumaku zinavyokua, hasa mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia mithili ya pete na kunenepa wakati wa dhoruba. Kwa maneno mengine, ilikwenda kutazama kinachotokea ndani ya nyumba baada ya lango kufunguka.

Lango lenyewe lilihitaji vyombo viwili kwa pamoja. Mpaka wa ngao hautulii, kwani husukumwa mbele na nyuma na upepo, na chombo kimoja hakiwezi kujua kama ni chenyewe kilichouvuka mpaka au ni mpaka uliokipita. Tarehe 22 Oktoba mwaka 1977 Marekani na Ulaya zilirusha kwa pamoja ISEE 1 na ISEE 2, zikifuatana katika njia moja. Tarehe 8 Septemba mwaka 1978 zilipouvuka mpaka zilikuta plazima ikitimka kwa kasi kubwa kuliko ile ya mkondo ulioko nje, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa ikiwa mistari imeungana upya na kuirusha. Götz Paschmann wa Ujerumani na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1979. Swali la Heikkila lilikuwa limepata jibu, miaka 18 baada ya makala ya kurasa mbili.

Hasara ya sekunde 37, na kuanza upya

Hatua iliyofuata ilitaka vyombo vinne, ili kupima urefu, upana na kina kwa wakati mmoja. Shirika la Anga la Ulaya lilitengeneza setilaiti nne za mradi wa Cluster. Tarehe 4 Juni mwaka 1996 zilipandishwa kwenye roketi mpya ya Ariane 5 katika safari yake ya kwanza. Sekunde 37 hivi baada ya kuruka, programu ya kompyuta ya kuiongoza roketi ilikosea, roketi ikapinda na kulipuka, na setilaiti zote nne zikateketea.

Wanasayansi waliozitumikia kwa miaka mingi hawakukata tamaa. Setilaiti nne mpya zilijengwa na kurushwa mwezi Julai na Agosti mwaka 2000 kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur, Kazakhstan. Mwaka 2003 vipimo vyake, pamoja na picha za setilaiti ya Marekani iitwayo IMAGE, vilionyesha kwamba lango likishafunguka linaweza kubaki wazi kwa saa kadhaa mfululizo. Nao mradi wa THEMIS wa setilaiti tano, uliorushwa mwezi Februari mwaka 2007, ulipima mwaka uliofuata muungano ndani ya mkia, ukaona kwamba ulitangulia mianga ya angani kung'aa, na wala haukuifuata.

Bado kulikuwa na jambo moja lililofichika: kitovu chenyewe. Eneo ambamo elektroni huachana na mistari ya sumaku ni dogo sana, upana wake ni kilomita chache tu, nalo hupita mbele ya chombo kwa kufumba na kufumbua. Kwa sababu hiyo, tarehe 12 Machi mwaka 2015, Marekani ilirusha kutoka Cape Canaveral setilaiti nne za mradi wa MMS, zilizopangwa kwa umbo la piramidi, umbali wa kilomita 10 hivi kati yake, na zenye uwezo wa kupima elektroni kila baada ya sehemu 30 za elfu za sekunde.

James Dungey alifariki mwezi Mei mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 92. Alikuwa amefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha Imperial jijini London, na mwaka 1990 alipewa nishani ya dhahabu ya jumuiya ya wanafalaki ya Uingereza. Tarehe 16 Oktoba, setilaiti za MMS zilipita katikati kabisa ya kitovu hicho, upande wa mchana, mpakani. Matokeo yalichapishwa mwezi Mei mwaka 2016 na James Burch na wenzake. Elektroni zilionekana zikiachana na mistari, nguvu za sumaku zikigeuka kuwa mwendo na joto, na mistari ikiwa imefungamana kati ya upande wa Jua na upande wa Dunia.

Mwelekeo usiojulikana mapema

Faida ya elimu hii haiishii kwenye majarida. Mwezi Februari mwaka 2022 dhoruba ndogo tu ya sumaku ililipasha joto anga la juu na kulifanya litanuke, na takriban setilaiti 40 za Starlink kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa siku moja kabla zikapotea. Tarehe 10 na 11 Mei mwaka 2024 Dunia ilikumbwa na dhoruba kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Mianga ilionekana mbali na ncha za Dunia, na huko Marekani wakulima waliokuwa katika msimu wa kupanda walisimamisha matrekta kwa kuwa mitambo ya kuyaongoza kwa setilaiti ilipoteza usahihi.

Hata msikilizaji wa masafa mafupi, aliyekuwa akizungusha kitufe cha redio usiku Mombasa, Muscat au Bujumbura, amewahi kuzisikia athari za lango hilo bila kujua. Dhoruba ya sumaku hulivuruga tabaka la anga linalorudisha mawimbi ya redio duniani, na sauti iliyokuwa safi jana leo hufifia au kupotea kabisa.

Tangu mwaka 1997 Marekani imekuwa na chombo kiitwacho ACE katika umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa Jua, na vingine vimekifuata. Vyombo hivyo huupima upepo kabla haujafika, pamoja na mwelekeo wa sumaku yake. Wanafalaki wanaweza kuuona mlipuko wa Jua na kukadiria siku utakapofika athari yake. Lakini kama sumaku iliyobebwa na wimbi hilo itaelekea kaskazini au kusini, jambo hilo kwa kawaida halijulikani kwa uhakika mpaka wimbi lifike kwenye vyombo hivyo. Hapo wasimamizi wa gridi za umeme hubakiwa na muda wa saa moja hivi, na dhoruba ikiwa na kasi kubwa huwa pungufu ya hapo.

Kwa hiyo Dungey aliacha jibu moja na kazi moja. Jibu ni kwamba ngao ya Dunia ina lango, na sasa vyombo vimelipima likiwa wazi. Kazi ni kujua siku kadhaa kabla, si saa moja kabla, ni lini upepo utakuja na sumaku iliyoelekea kusini. Mpaka hilo litakapowezekana, mji wowote unaotegemea umeme wa nyaya ndefu na dira za setilaiti utaendelea kupata habari za dhoruba ikiwa karibu kufika mlangoni.